Bakuli la Sebata

Kila Januari, watumishi wa serikali mtaani kwetu Serowe huhamishwa. Hupakia vitanda, friji, hata kuku. Mbwa hubaki kulinda nyumba tupu.

Ofisa jirani yetu alipohama, alimwacha Sebata. Maana ya jina hilo ni mnyama mkali. Mnyama mkali huyu aliogopa vifaranga. Siku tisa alikaa langoni akitazama barabara. Nilimpelekea uji wa mtama kwenye bakuli.

Mimi, Oarabile, mwanafunzi wa sekondari na mtetezi wa wanyonge kwa kujiteua, nikaamua kusema hadharani. Nilimpiga picha, nikaituma kwa simu ya mama, pamoja na jina la ofisa, kwenye kundi la simu la kijiji. Nilijiona shujaa mpaka jioni.

Picha ilionyesha namba ya kiwanja. Ilionyesha pia ua wetu, na mama akianika sare zake za uuguzi. Watu tusiowajua wakampigia simu wakimtukana, wakidhani mbwa ni wake. Kesho yake kaka wa ofisa akaja na gari. Sebata alipanda akitikisa mkia. Alidhani amefuatwa.

Mchunga ng'ombe mmoja alituambia alimwona Sebata akishushwa garini kwenye njia ya malishoni. Tulimtafuta siku tatu. Hatukumpata.

Mama akanipeleka kwa Mma Tshenolo, anayetibu wanyama ofisi ya mifugo.

"Rra Mtetezi," aliniita, yaani Bwana Mtetezi, "ulitaka mbwa apone au ofisa aaibike?"

Nilitaka vyote viwili.

"Ukimtaja mtu hadharani, anaficha ushahidi. Na ushahidi ni mbwa. Jina la mwenye mbwa na namba ya nyumba tuletee sisi hapa, siku ya kwanza. Wewe waonyeshe watu mbwa tu, mbele ya shuka, ili ua usionekane. Zima kwanza kile kinachoonyesha mahali ulipo kwenye simu. Namba ya kupigiwa iwe ya ofisi, si ya mama yako."

"Na jina langu?"

"Mbwa ana haja nalo?"

Februari, mbwa jike mmoja aliachwa kwenye nyumba za walimu. Tuliripoti siku hiyo hiyo. Mama alishika shuka, mimi nikapiga picha. Vidole vyake vya miguu vilionekana, nikavikata kwenye picha. Tukaandika: "Wenyewe wamehama. Anapenda watoto. Piga ofisi ya mifugo." Mma Tshenolo akaituma kwa jina la ofisi.

Siku ya nne familia moja ilimchukua. Hakuna aliyempigia mama simu.

Bakuli la Sebata bado liko langoni. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mama hulijaza maji. Sijamuuliza ni ya nani.