Ili Albertine Asipae

— Minye? Hawatanikata! Gracien, unirudishe ku nyumba, Kikula.

Albertine, kitandani hospitalini, alivuta kikwembe, kile kitenge chake, hadi puani. Jiwe lilikuwa limeota kwenye nyongo yake, na daktari alishasema: leo, la sivyo sumu itaingia damuni. Na mimi, mzee wa miaka sitini na minane, sikutaka kurudi kula bukari, ugali wetu, peke yangu.

— Mupenzi, bantu wanapasuliwa hata kule juu angani, mahali kintu hakina uzito. Damu haimwagiki, inajikunja kama tone la mafuta. Mukasi ukiuachia, unaenda kutembea! Nilikuwapo, nilishika taa.

— Weye? Ulikuwa soudeur, muchomea vyuma ku usine!

— Sasa ile meza ya kupasulia nani aliichomelea?

Akacheka, akajishika ubavu.

— Iko na bongo, uongo mutupu, huyu mwanaume! Na munganga anayepasua, yeye hapai?

— Angepaa. Njo maana wanamufunga pamoja na mugonjwa, ku meza moja. Asipofungwa, akisukuma kisu, yeye mwenyewe anarudi nyuma mupaka ku ukuta.

Hapo sikudanganya, jamani. Hilo nililisoma.

Muuguzi Orpha akaingia na karatasi.

— Nani anasaini? Tunataka muntu wa jamaa, wa kubaki naye.

Simu yangu ikalia. Ujumbe wa Laure, binti pekee wa Albertine: «Papa Gracien, gari imekufa njiani, Fungurume. Usimuache mama.»

— Nitasaini minye.

— Weye ni nani yake, papa?

Miaka mitatu nimempelekea Albertine samaki wa ziwa la Tshangalele. Miaka mitatu nikimwomba tuoane, jibu lake ni moja: «Tutaona.»

— Rafiki, nikasema chinichini.

— Rafiki hasaini.

Albertine alikuwa anatazama dari.

— Gracien. Kule juu, mugonjwa akifungwa peke yake?

— Munganga wake atapaa. Haifai kufunga mumoja.

Kisha akashika ncha ya kikwembe chake, akaifunga kwenye mkono wangu, mafundo mawili.

— Orpha, mwanangu, andika: bwana yake.

— Mama! Tangu lini?

— Tangu hili fundo. Andika, mbele ya woga kunirudia.

Nilitembea kando ya kitanda chake nikiwa nimefungwa vile vile, hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Orpha ndiye aliyefungua mafundo. Nilikaa palepale mlangoni hadi walipomrudisha.

Jicho lake moja likafunguka.

— Nilipaa?

— Kidogo tu. Nilikuvuta.

Siku ya ndoa, pale Kikula, niliwaonyesha wageni lile jiwe la nyongo ndani ya chupa. Niliapa limetoka mwezini.

— Ni kweli, akasema Albertine. Tulienda wote wawili.