Siingii Mpaka Vipimwe

Kila asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, mama huvuta vitu. Huvuta komeo la mlango. Huvuta kamba ya kuanikia nguo. Kisha hunigeukia mimi na kuvuta mikanda ya mkoba wangu mpaka nayumba.

"Mama, utaikata!"

"Afadhali ikatike hapa kuliko njiani," husema. "Usiniambie imeshika. Nioneshe."

Ndivyo kazi yake ilivyomzoesha. Mama ni fundi wa majukwaa, yale ya mabomba ya chuma na mbao yanayofungwa nje ya jengo ili mafundi wengine wasimame juu. Majirani wengine bado wanashangaa kumwona mwanamke na spana kiunoni. Washangae tu! Mimi na yeye tumefanana kwa jambo moja: hatuyumbishwi na maneno ya watu. Shuleni wananiita Mbishi, na jina hilo sijawahi kulikataa.

Kuta za shule yetu zilipotakiwa kupakwa lipu, jukwaa alilifunga yeye. Jukwaa halisimami kwa miguu yake tu, lazima lishikwe na ukuta. Mama alitoboa matundu kumi na mawili ukutani, akapuliza vumbi lote kwa pampu ndogo, akaingiza bolti zenye pete na kuzikaza, kisha akaunganisha kila pete na mabomba ya jukwaa. Hivyo ndivyo vishikizo. Alivipima vyote, kimoja kimoja, akaning'iniza kadi ya kijani penye ngazi yenye jina na sahihi yake. Bila kadi ile hakuna anayeruhusiwa kupanda. Baada ya hapo akaenda kwenye kazi nyingine, mtaa wa pili.

Ndipo akaja fundi wa lipu.

Darasa letu liko ghorofani na dawati langu liko dirishani. Jumanne, katikati ya somo la hesabu, nilimwona fundi akifungua kishikizo kilicho kando ya dirisha letu, kwa sababu kilimzuia mwiko wake. Akapaka lipu, akailainisha, ikapendeza kweli. Halafu akachukua bolti ileile, akaisukuma ndani ya lipu mbichi na kuigongagonga kwa mpini wa mwiko.

Aliponiona namkodolea macho, akacheka. "Umeona? Kama kilivyokuwa."

Si kama kilivyokuwa! Bolti inatakiwa ing'ang'anie ukuta wenyewe, si tope lililopakwa juu yake. Nilijua hilo tangu nikiwa darasa la pili.

Wakati wa mapumziko nilimwendea msimamizi wa ujenzi. "Shikamoo. Vishikizo havijashika. Fundi wa lipu amevitoa vyote!"

Akatazama juu, akahesabu kwa kidole. "Kumi na viwili. Vyote vipo. Haya, nenda kacheze."

"Vipo, lakini havijashika!"

"Na kadi hii je? Si ya mama yako? Au unataka kusema mama yako ni mwongo?"

Loo, damu ilinichemka! Mchana ule walikuwa wafunge wavu wa kuzuia vumbi, na wavu hushika upepo na kulivuta jukwaa zima. Mama amenieleza hilo mara mia. Njia yetu ya kuingia madarasani ilipita chini ya jukwaa lile. Likianguka, litatuangukia sisi, na jina lililoandikwa kwenye kadi ni la mama yangu. Nikaichomoa kadi, nikaificha ndani ya sweta.

"Haya, kadi hakuna. Washushe watu wako."

"Wee mtoto! Una wazimu?"

Kengele ikalia. Nikakimbia nikasimama mlangoni, mikono nimeitanua. "Siingii, na haingii mtu mpaka vipimwe!"

Wengine walizomea. Kicheko, mwenzangu wa dawati moja, ambaye hucheka hata akikosa hesabu, siku hiyo hakucheka. Alikuja akasimama kando yangu.

Mwalimu mkuu akafika akihema. "Rudisha kadi, uombe radhi mbele ya wote. La sivyo utakaa nyumbani wiki mbili."

"Nitakaa, mwalimu. Lakini jukwaa lipimwe."

Alitazama jukwaa juu ya vichwa vyetu. Kisha akaamuru mafundi washuke na wanafunzi wote waende uwanjani, akampigia mama simu.

Mama alikuja na sanduku lake la vifaa. Nilidhani angenikumbatia. Thubutu! Alinyoosha mkono. "Kadi."

"Mama, fundi amevitoa vishikizo vyo..."

"Kadi kwanza." Nikampa. "Sasa niambie. Kwa macho yako, umeona vingapi vikitolewa?"

"Nilidhani..."

"Sikuulizi ulichodhani. Umeona vingapi?"

"Kimoja," nikasema.

Msimamizi akaangua kicheko. "Kimoja! Mmesikia? Kazi yote imesimama kwa ajili ya kimoja!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Uso uliniwaka kwa aibu, hata Kicheko sikuweza kumtazama.

"Kimoja kinanitosha," mama akasema.

Hakupanda jukwaa. Alipitia ndani, akafungua dirisha letu, akakifunga kifaa chake kwenye pete ya kile kishikizo. Kifaa kina miguu mitatu na saa yenye mshale. Ukizungusha mpini, kinaivuta bolti polepole. Mshale ukifika alama nyekundu na kutulia hapo, bolti imeshika. Sisi tulitazama kutoka uwanjani.

Mama alizungusha mara moja. Mara ya pili bolti ikachomoka nzima na bonge la lipu, vipande vikaanguka chini mpaka penye mlango wetu.

Mama akaenda dirisha la pili, bolti ikachomoka. Dirisha la tatu, ikachomoka. La nne lilikuwa halijafikiwa na lipu, na hapo mshale ukafika kwenye alama na kutulia. Vile vinane vya chini navyo vilishika. Lakini safu yote ya juu, ile ambayo wavu ungeivuta zaidi, ilikuwa imeshikwa na kishikizo kimoja tu.

Fundi wa lipu alivua kofia. "Vilinizuia kazi, dada. Nilidhani nikivirudisha palepale, mambo yamekwisha."

"Na wewe ungekuwa juu yake," mama akamwambia. "Kikikuzuia, niite mimi. Kinatobolewa tundu jipya, kinapimwa upya." Kisha akamgeukia msimamizi. "Kadi yangu inasema nilichopima mimi. Mlichogusa ninyi hakimo."

Mwalimu mkuu akaniita mbele. "Adhabu imefutwa. Una la kusema?"

"Ndiyo, mwalimu. Naomba radhi kwa kusema vyote. Niliona kimoja."

"Na kadi je?" msimamizi akauliza.

"Kwa kadi siombi radhi."

Kicheko akacheka mpaka akashika tumbo, na safari hii shule nzima ikamfuata. Hata mwalimu mkuu aligeuka pembeni akajikohoza.

Jioni, mama akikaza bolti ya mwisho kwenye tundu jipya, aliniita dirishani. "Leo umeokoa watu, nami najivunia. Lakini ukweli hautiwi chumvi. Ulipoona kimoja ukasema vyote, ulimpa yule bwana sababu ya kukucheka, na nusura watu wasikusikilize. Ubishi hata mimi ninao, mwanangu. Wangu naupima kwanza, ndipo naupanda. Sema ulichokiona, usiongeze wala usipunguze, halafu usimame hapohapo hata wakuzomee."

Kesho yake asubuhi nilimtangulia mlangoni. Nikaushika mkanda wake wa usalama kwa mikono miwili, nikauvuta kwa nguvu zangu zote mpaka akayumba.

"We! Utaukata!"

"Afadhali ukatike hapa kuliko juu," nikamjibu.