Swali Ambalo Tusekile Hakuliuliza

Siku ya gulio, duka la dawa la Mzee Isihaka mjini Mbeya lilijaa watu hadi barazani. Tusekile, msichana wa Tukuyu aliyefunzwa udresa, kazi ya kufunga vidonda na kuuguza, huko misheni, alikuwa nyuma ya meza na gauni lake la buluu lililonyooshwa kwa pasi. Kijana mrefu mwenye ovaroli lenye madoa ya oili akajipenyeza mbele, mkono ameukumbatia kifuani.

"Rejeta ya gari imeniunguza, dada. Nipe mafuta nipake."

"Mafuta? Unataka kujikaanga? Pita uani, utie mkono kwenye maji baridi mpaka nikuambie utoe."

"Na usiponiambia?"

"Utalala huko huko."

Watu wakacheka. Baadaye akamfunga kitambaa safi, akamkataza kutumbua lengelenge. Kijana aliitwa Tadeo Kalinga, fundi wa magari kutoka Iringa aliyekuja Mbeya kufuata spea. Mkono ulipona upesi, lakini gereji yake ilikuwa na simu, na duka la Mzee Isihaka lilikuwa na simu.

"Unaumwa nini leo?" Tusekile alikuwa akiuliza kila Tadeo alipopiga.

"Moyo, Tuse."

"Tangu lini?"

"Tangu uani kwenu."

Mzee Isihaka alikuwa akikohoa kwa makusudi, na Tusekile akikata simu huku akizitabasamia chupa za dawa. Tadeo alikuwa amemwambia kwamba anaishi peke yake, chumba kimoja, hata wa kumchemshia chai hana. Tusekile aliyaamini maneno hayo na kuanza kuyajengea nyumba.

Masika ya mwaka 1957, simu ikalia duka likiwa limejaa.

"Tuse, kuna mwanamke nyumbani kwangu. Tumbo linamsumbua tangu jana. Nimpe mafuta ya nyonyo aharishe?"

Waya ulikuwa ukikwaruza kama vitunguu kwenye kikaango.

"Mwanamke gani?"

"Sikusikii! Amelala kitandani kwangu, hawezi hata kuinuka. Nimpe?"

Damu ikampanda Tusekile kichwani.

"Kitandani kwako? Basi mpe!" Akaibamiza simu.

Akarudi mezani, macho yanamwasha. Mama mmoja alikuwa amesogea na mtoto mgongoni. "Mwanangu anaumwa tumbo, dada."

"Linamuuma wapi? Ana homa? Anatap..."

Maswali hayo alimuuliza kila mtu, hata walevi. Kwa nini? Kwa sababu tumbo likiuma chini upande wa kulia, na homa ikawapo, dawa ya kuharisha huweza kumpasua mgonjwa kidole tumbo. Misheni aliwahi kumwona mtu akifa hivyo.

"Mzee," akasema kwa sauti isiyokuwa yake, "nadhani nimeua mtu."

Mzee Isihaka akamtazama mara moja tu, akamchukua mama yule na mtoto. "Piga simu, binti. Utalia baadaye."

"Laini ya Iringa ina watu," mtu wa kuunganisha simu akajibu. "Subiri."

"Nina mgonjwa!"

"Kila anayepiga ana mgonjwa, bibi."

Akasubiri, jasho likimtiririka ndani ya gauni ingawa nje kulikuwa na baridi. Hatimaye akapokea Saulo, fundi mwenzake Tadeo.

"Tadeo? Katoka sasa hivi, kaenda nyumbani na chupa."

"Mkimbilie! Asimpe kitu, hata maji! Ampeleke hospitali!"

Saulo akaiachia simu ikining'inia. Tusekile akaisikia ikigonga ukuta, na nyuma yake nyundo zikipiga bati. Kisha laini ikakatika, na siku hiyo hakuipata tena.

Kesho yake alipanda basi. Alimkuta Tadeo kwenye baraza ya hospitali ya Iringa, shati limejikunja, macho mekundu.

"Amepasuliwa," Tadeo akasema bila kumsalimu. "Kidole tumbo. Saulo alinikuta kijiko nimekwisha mfikishia mdomoni, hajameza."

"Ni nani?"

"Yudith. Dada yangu, katoka Kilolo."

Tusekile akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Ulisema nimpe, Tuse."

"Nilisema. Niliona wivu."

"Ungejua ni dada yangu, ungeuliza panapouma?"

"Ningeuliza."

"Na angekuwa mwanamke mwingine?"

Tusekile akapangusa vumbi kwenye upindo wa gauni lake.

"Hapo ndipo ninapokuogopa."

"Hata mimi najiogopa. Ndiyo maana nimekuja."

Hakuondoka. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha Yudith, akamwosha, akamnywesha uji mwepesi daktari aliporuhusu. Tadeo alikuja na kutoka, maneno yake ya kuhesabika.

"Wifi," Yudith akamnong'oneza, "huyu akinuna mwache. Njaa ndiyo humrudisha."

Yudith alipoweza kutembea, Tusekile akafunga kikapu chake. Tadeo akambebea hadi stendi. Injini ya basi ikaunguruma.

"Baba yako," Tadeo akasema ghafla, "nikimfuata Tukuyu, nitamkuta siku gani?"

Tusekile akamkazia macho. "Bado unaniogopa?"

"Kidogo."

"Jumapili, baada ya ibada. Lakini nitakutangulia, nimweleze baba nilichokifanya, ajue binti anayekuoza ni yupi."

"Na akikasirika?"

"Atakasirika."

Utingo akapiga bati. Tadeo akapandisha kikapu, kisha akaushika mkono wake dirishani, akaenda nao sambamba basi lilipoanza kutambaa.

"Mwambie yote, Tuse," akasema huku akitweta. "Nami nitakuja na wajomba zangu."