Niko na Wazee wa Kanisa

"Shh! Cate, usiongee. Ni Wariara."

Ephantus alikuwa ameketi kwenye kitanda cha hoteli, Mombasa, soksi mguu mmoja. Cate, aliyekuwa kwenye kioo akifunga kitambaa kichwani, akanyamaza.

"Baba, mlifika salama?"

"Tulifika, mami. Ni joto tu imetushinda."

"Mko na nani hapo?"

"Niko na wazee wa kanisa."

"Basi nipe Mzee Waithaka nimsalimie."

"Ameenda kuoga."

Alipokata simu, Cate alikuwa amegeuka, anamtazama.

"Mimi ndiye Mzee Waithaka?"

"Cate, tafadhali."

"Nauliza tu. Kwa sababu mimi sijaenda kuoga. Niko hapa."

Ephantus alikuwa fundi mstaafu wa mitambo ya mvuke, mjane, mkazi wa Naivasha. Cate aliuza mapazia Nakuru mjini. Mume wake alimwacha wakati Jamleck, kijana wao, alikuwa bado nasari, na Cate akamlea peke yake. Ephantus aliingia dukani siku moja kutafuta pazia la sebule. Akarudi kutafuta la jikoni. Akaendelea kurudi mpaka akakosa dirisha la kuweka, ndipo Cate akamuuliza anataka nini hasa.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Nakuru watu waliwajua kuwa wako pamoja. Jamleck alimwita Ephantus "mzee wetu". Lakini Naivasha, kwa bintiye Wariara, jina la Cate halikuwahi kutajwa.

Meli ya watalii ingeondoka Jumatatu kuelekea Zanzibar na Pemba. Walikuwa wamefika Jumamosi ili wapumzike na kuuona mji. Jioni walishuka Mama Ngina, kando ya bahari, wakanunua mihogo ya kukaanga, wakakaa kwenye ukuta kutazama meli za mizigo zikiingia bandarini. Mpiga picha akawajia.

"Mzee, niwapige moja na mama? Mmependeza!"

"Hapana, boss." Ephantus aliruka kando kama aliyemwagiwa maji moto. "Mimi usinipige."

Cate akaweka mhogo chini.

"Hiyo picha ingeenda wapi?"

"Hawa watu huweka Facebook."

"Na ikiwekwa?"

"Wariara ataona. Cate, huyo msichana hajakubali mama yake ameenda. Nguo za marehemu bado ziko kwa kabati. Hataki ziguswe."

"Ni yeye hataki, ama ni wewe?"

Ephantus akasimamisha tuktuk. Wakarudi hotelini.

Jumapili Cate alienda Old Town peke yake, akanunua kanga na kahawa, akarudi mchana na uamuzi.

"Kesho mimi napanda meli," alisema. "Wewe hupandi."

"Nimefanya nini sasa?"

"Hujafanya kitu. Miaka miwili hujafanya kitu. Tiketi yangu nimelipa mwenyewe, naenda kuona Zanzibar. Wewe rudi nyumbani umwambie mtoto wako."

"Na akikataa?"

"Akikataa, atakuwa amekataa mtu anayemjua. Saa hii hata hajui kuna kitu ya kukataa. Lakini kama huwezi kumwambia, Ephantus, usinipigie tena."

Kwa kawaida alimwita Baba Wariara. Ephantus alilisikia jina lake likitoka hivyo, akajua mambo yamefika mwisho.

Jumatatu alimbebea begi mpaka bandarini. Cate akamshukuru kama mtu anavyomshukuru mbeba mizigo, akaingia. Kabla mtandao haujapotea, ujumbe ukafika kwenye simu yake: *Nimepanda basi. Naenda kumwambia.* Cate aliusoma, akazima simu.

Usiku huo, nyumbani Naivasha, Wariara alikuwa jikoni, bado na aproni ya kazi ya shamba la maua, baba yake alipoingia.

"Baba? Si mlisema mnarudi Ijumaa? Wazee wengine wako wapi?"

"Hakuna wazee. Nilikuwa na mwanamke. Anaitwa Cate. Tumekuwa pamoja miaka miwili."

Wariara akazima jiko.

"Miaka miwili?"

"Niliogopa utaona nimemsahau mama yako."

"Baba, mimi nimekataa uhamisho wa Nairobi mara mbili. Unajua ni kwa nini?"

"Ulisema hupendi Nairobi."

"Napenda Nairobi! Nilikataa juu yako. Nilikuwa nawaza, nikienda huyu mzee atakula na nani? Kumbe unakula na mtu Nakuru!"

Alienda kukaa nje kwenye ngazi. Ephantus alibaki jikoni, akalia jinsi ambavyo hakulia hata siku ya mazishi ya mkewe. Baadaye Wariara alirudi na macho mekundu.

"Na yeye yuko wapi saa hii?"

"Kwa meli. Alinifukuza."

"Alikufukuza kwa nini?"

"Alisema nije nikwambie kwanza."

Wariara akawasha jiko tena. "Amefanya vizuri," akasema.

Ijumaa meli iliporudi Mombasa na kutia nanga, Cate aliwasha simu. Ujumbe ulitoka kwa namba asiyoijua:

*Habari yako. Mimi ni Wariara, msichana wa Ephantus. Tuko nje ya geti ya bandari. Baba anaogopa kukupigia.*

Aliwaona kutoka mbali. Ephantus amesimama nyuma ya bintiye, kofia mkononi. Wariara akasogea, akampa mkono.

"Wewe ndiye Cate?"

"Ndiyo mimi."

"Nataka ujue sijafurahi. Bado."

"Ni sawa. Hata mimi huyu baba yako bado hajanifurahisha."

Wariara nusura acheke. Akajizuia, akainama, akachukua begi la Cate.

"Meli ilikuwa aje?" Ephantus aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ilikuwa nzuri. Nililala kitanda kizima peke yangu."

"Cate, mimi..."

"Wewe tafuta tuktuk. Huyu mtoto amekula?"

"Sijakula," Wariara alijibu mwenyewe. Walitembea hatua chache, begi katikati yao, kisha akauliza bila kumwangalia:

"Sasa mimi nitakuwa nakuita aje?"

Cate akafikiria.

"Niite Cate kwanza," alisema. "Hayo mengine tutaona."