Kinachogonga Bomba

Rafiki yangu alikuwa fundi bomba wa kuaminika. Siku hizi anauza viatu, na ukimuuliza kisa, hutazama mlango kwanza.

Jengo moja la ghorofa nne lilikuwa likivuja maji, na hakuna aliyejua wapi. Wapangaji wakakubali kila ghorofa ifungwe simu moja ya zamani kwenye bomba, zisikilize kutwa. Shemeji yake alikaa ofisini na hedifoni masikioni, akipokea sauti ya kila simu, akijua ni ya ghorofa ipi.

Mchana huo wapangaji walikuwa kazini. Fundi akashuka chumba cha pampu, chini kabisa, akakuta taa imeungua. Akaifunga simu yake kwenye bomba humo gizani, spika ikiwa wazi.

"Shemeji, unanipata?"

"Nakupata. Ila acha kugonga."

"Mimi? Sijagonga kitu."

"Basi kuna mtu ghorofa ya nne. Anagonga mara tatu, anapumzika. Ngoja. Sasa yuko ya tatu."

"Si maji hayo?"

"Maji gani yanapumzika? Yuko ya pili. Ya kwanza. Shemeji, toka huko!"

Fundi alitaka kukimbia. Akapapasa ukuta akitafuta mlango, mkono ukaangukia bomba.

"Ghorofa zote kimya," shemeji akanong'ona. "Nasikia kwako tu."

Ndipo fundi akahisi chini ya kiganja chake, kutokea ndani ya bomba, vidole vikigonga taratibu mara tatu, kisha vikatulia, kama mtu aliyepiga hodi akingoja kuambiwa karibu.