Fungu la Bibi

Jioni ile walikuwa watatu tu sebuleni, lakini sauti zilizosali zilikuwa nne.

Fundi, mama wa nyumba ile, aliongoza rozari huku sare za shule alizokuwa akizishona zikiwa bado mapajani. Binti yake mkubwa, waliyemwita Sindano kwa wembamba wake, aliitikia pamoja na mdogo wake Kipusa.

"Utuokoe maovuni," walisema.

Na nyuma yao, kutoka stoo, mtu akasema taratibu, "Utuopoe maovuni."

Nyumbani humo, aliyesali kwa maneno hayo ya zamani alikuwa bibi yao peke yake. Naye walikuwa wamemzika wiki tatu zilizopita.

"Kipusa, acha utani," Sindano alinong'ona.

"Utani gani? Mimi nilikuwa napiga mwayo!"

Fundi hakuwakemea. Alitabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Amekuja kusali fungu lake," alisema.

Fungu la mwisho la rozari lilikuwa la Bibi siku zote. Meno ya mbele yalikuwa yamemtoka, hivyo akisema "Thalamu Maria", wajukuu walikuwa wakijibana wasicheke. Fundi alipofika hapo akanyamaza, akamwachia nafasi.

"Thalamu Maria, umejaa neema," stoo ikaanza.

Harufu ya majivu yaliyolowa ikajaa sebule. Kipusa akajificha nyuma ya cherehani. Fundi alikuwa akilia kwa furaha.

Kuanzia hapo kazi ilimshinda. Sare zilirundikana, chakula akakigusa tu na kukisukuma. Alingoja jioni. Siku ya tano, sauti ilipomaliza fungu lake, iliongeza: "Mwanangu, kesho uje huku ndani. Uje peke yako, ufunge mlango."

Sindano hakungoja. Alikimbia kwa Bibi Mdogo, ndugu wa pekee wa marehemu, aliyekuwa akifua vitambaa vya altare kanisani.

Bibi Mdogo alifika kesho yake na chupa ya maji ya baraka.

"Mama mdogo, usimfukuze mama yangu," Fundi alisihi.

"Kama ni dada yangu, nitamfukuzaje? Ila tumwulize. Tulipokuwa watoto tulilala kitanda kimoja. Baada ya Amina tuliongeza mstari wetu, tukinong'onezana masikioni. Hakuna mwingine aliyewahi kuusikia."

Wakasali. Sauti iliitikia vizuri, ikaopoa palipotakiwa kuopoa, hata kikohozi cha Bibi ikakikohoa. Walipofika Amina, Bibi Mdogo akasogea mlangoni. "Dada, malizia."

Akatega sikio.

"Dada, malizia wetu."

"Thalamu Maria," ilisema, kisha ikakohoa, ikarudia tena na tena, kila safari ikikohoa palepale, haraka zaidi, mpaka maneno yakawa mvumo tu, na rafu za stoo zikatikisika, na majora ya vitambaa yakaanguka moja baada ya jingine, na Bibi Mdogo akirusha maji akapaza sauti, "Jini we, uliyejifunza sala ukutani, toka!"

Kitu kikapita katikati yao, kizito, chenye baridi. Harufu ikakatika.

Fundi alikaa sakafuni. "Kwa hiyo hakuwa yeye," alisema. "Sina hata sauti yake." Kisha akainua uso. "Mama mdogo, mstari wenyewe ulikuwaje? Nipe hicho basi."

Bibi Mdogo alimhurumia. Akamshika kichwa, akausema, polepole, ili aushike vizuri: "Na aliye peke yake, asiogope giza."

Akaondoka. Sindano akaufunga mlango wa stoo kwa komeo, komeo la nje, maana ndani halikuwepo.

Kesho yake walisali mafungu yote matano wenyewe. Hakuna aliyeitikia zaidi. Wakasema Amina. Kipusa akashusha pumzi.

"Na aliye peke yake," ilisema stoo, taratibu, "athiogope giza."

"Mama, si yeye!" Sindano alimdaka mkono. "Ilikuwepo jana! Imesikia tu!"

Lakini Fundi alikuwa ameshafungua. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtoto aliyeitwa nyumbani. Alijichomoa mikononi mwa binti yake, akaingia, akavuta mlango nyuma yake.

Sindano akausukuma kwa bega, kwa miguu, akipiga kelele. Kisha akasikia, upande wa ndani, komeo likishuka.