Masele Aliidanganya Ramani

Sikilizeni, watu wa Runzewe, nyie mnaopenda kusahau. Mwaka ule wa themanini na mbili mvua ilikuwa nzuri. Nyumbani kwa Masele mwindaji, mkewe Scolastika alikuwa akisonga ugali huku akimtania mdogo wake Kamili, aliyeleta ng'ombe wa baba yao kutafuta malisho.

"Oa, wewe. Ng'ombe hawapiki."

"Kwani shemeji anapika?"

Wakacheka. Masele akaingia mikono mitupu, jambo ambalo si kawaida yake. Akamvuta mkewe uani.

"Kongoni wamekufa kule ninakowinda, pori la Ibambali. Hawana jeraha. Damu puani."

Kimeta, ugonjwa unaoua mnyama na hata mtu anayegusa mzoga! Bwana mifugo, Pantaleo, alikuwa ametandaza ramani ofisi ya kijiji na kuwasihi wawindaji: ukikuta mzoga wa namna hiyo, weka alama nyekundu mahali pale, watu wasiwinde wala kuchunga huko. Scolastika akamhimiza mumewe mpaka akaenda.

Lakini wawindaji wetu mnawajua. Atakupa paja zima la nyama, ila hakwambii kalipata wapi. Masele alirudi anacheka.

"Nimeweka alama kwenye pori la mwindaji mwenzangu Januari. Akae nyumbani acheze bao!"

"Baba Justa! Rudi ukafute."

"Wewe, unataka kila mtu ajue ninapowinda? Nani mwingine anakwenda Ibambali?"

"Basi nitakwenda mimi kusema."

"Ukanitie aibu ofisini? Ukitoka huko pitiliza kwa baba yako."

Scolastika akarudi jikoni. Moyo ulimwaka, lakini Kamili akaondoka na ng'ombe bila kuambiwa neno.

Wiki haikuisha, Kamili akarudi amevimba mkono. Katikati ya kidonda pamekuwa peusi kama mkaa. Ng'ombe mmoja alikufa, akamchuna asipotee bure.

"Ulichungia wapi?" Scolastika aliuliza.

"Ibambali, dada. Nilipita ofisini kwanza. Kwenye ramani, Ibambali hapakuwa na alama."

Masele aliinama. Kisha akaikimbilia baiskeli, akampakia shemeji yake, mke akisukuma nyuma, kuelekea hospitali. Kamili alikata roho njiani, kichwa mgongoni mwa Masele.

Baada ya maziko Scolastika hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akaomba penseli nyekundu, akamwambia Pantaleo amwonyeshe Ibambali. Akatia alama, akakandamiza mpaka penseli ikavunjika.

"Hapa," alisema. "Mdogo wangu alikuja kuwauliza hapa."

Alipotoka, alishika njia ya kwa baba yake.

FUNZO

Msimnyooshee Masele kidole peke yake. Kesho yake wawindaji waliingia ofisini mmoja mmoja, kila mtu akihamishia alama yake mahali pa kweli, na Januari alikuwemo! Mngesema kweli mapema, Kamili angekuwa na wajukuu leo. Ukijua ugonjwa ulipo ukauficha, umewapeleka wenzako huko kwa mkono wako. Semeni, jamani. Pori halitakimbia.